Mbwa wa Balbina Asiyebweka

Balbina alikuwa ametarajia kelele. Ghala lake la mpunga, nyuma ya nyumba pale Lumemo, lilikuwa linapungua bila kufuli kuvunjwa, na mwanawe aliyeko Morogoro akaona dawa ni mbwa. Akamtumia kwa lori: boerboel, aina ya Afrika Kusini, kichwa kama ndoo, kifua kama cha ndama, uso wote mikunjo. Jina lake Meja. Majirani walitoka kumtazama akishushwa, kisha wakarudi ndani na kufunga milango.

Meja hakubweka. Alizunguka ua akinusanusa, akanywa maji karibu ndoo nzima, halafu akaenda kumwegemea Balbina kwa ubavu mpaka mama wa watu akapepesuka. Baada ya hapo akalala.

Siku zilizofuata ikawa hivyo hivyo. Anakula, anadondosha udenda, analala. Balbina akaanza kuwaza kwamba ameletewa mgonjwa, akampigia simu Nazari, bwana mifugo. Nazari alikuja na pikipiki yake, akamfungua mbwa mdomo, akampapasa tumbo.

"Haumwi, mama. Ndivyo walivyo, wazito na watulivu," alisema. "Shida yake ni hili joto letu. Muwekee kivuli, na maji yasikauke. Chakula mgawie asubuhi na jioni, usimjazie kwa mkupuo, na akishakula asikimbie, tumbo linaweza kujisokota akafa. Mikunjo ya uso uifute iwe mikavu. Kupe mtafute masikioni na katikati ya vidole."

"Nimfunge mnyororo mchana?"

"Usimfunge. Atageuka mkali kwa kila mtu, hata kwako."

Balbina alishika yote. Alimpikia ugali wa dona na utumbo, akamsafisha uso kwa kitambaa kama mtoto mchanga. Ila bado hakuelewa analishia nini. Siku moja Safina, mwenye duka ng'ambo ya barabara, alipiga hodi akaingia huku amekusanya baibui lake mkononi asiguswe na udenda. Meja alifungua jicho moja, akalifumba.

"Dada Balbina, huyu ni mbwa au zulia?" Safina aliuliza.

Wakacheka. Safina alipoondoka, Balbina alibaki akimtazama yule mnyama aliyekula kushinda wanawe walipokuwa wadogo.

Jumapili moja alirudi kutoka misani akakuta geti limerudishiwa tu. Uani, chini ya ukuta wa ghala, alikuwa ameketi Kelestini, mdogo wa marehemu mumewe. Shati limelowa jasho, gunia tupu limo mapajani. Meja alikuwa amesimama mbele yake. Kila Kelestini alipojaribu kuinuka, mbwa alinguruma kwa sauti nzito kama ya mashine ya kukoboa, naye akaketi tena. Hakuwa na jeraha lolote.

"Shemeji, mwite mbwa wako," alisema taratibu.

Balbina aliita. Meja akaja, akasimama kando yake.

"Umeingiaje?"

"Kwa ufunguo alioniachia kaka. Mbwa aliniangalia tu nikipita. Nilipotaka kutoka ndipo akanizuia."

"Na gunia?"

"Pumba za nguruwe. Si ulisema nije nichukue?"

Alisema kweli. Balbina alimwahidi pumba siku ya matanga, wakiosha vyombo. Lakini pumba zilikuwa jikoni, si ghalani. Je, alimwambia ziko wapi? Hakukumbuka. Kufuli la ghala lilikuwa limefungwa, na kivuli pekee saa ile kilikuwa pale ukutani. Alimjazia gunia, Kelestini akaliinua begani na kuondoka bila kugeuka. Balbina alikaa jikoni na nguo zake za kanisani.

Kesho yake alimpigia Nazari, akamsimulia. "Kwa hiyo mbwa amenikamatia mwizi?"

"Mama, hiyo ndiyo tabia ya huyo mbwa wako," Nazari alijibu. "Mwenye nyumba asipokuwepo, mtu ataingia, ila kutoka hatoki mpaka wewe urudi. Hata padri angekalishwa pale."

Jibu hilo lilimchanganya zaidi. Alivumilia, akashindwa, akaenda kwa Kelestini, akamkuta akiwamwagia nguruwe chakula. Alimuuliza waziwazi: "Shemeji, mpunga wangu ulikuwa unauchukua wewe?"

Kelestini aliendelea mpaka ndoo ikaisha. "Ungeniuliza kabla hujaleta mbwa, ningekujibu," alisema. Akaenda kunawa mikono.

Balbina alirudi nyumbani akiligeuza neno hilo huku na huku. Mara alilisikia kama la mwizi aliyeona aibu, mara kama la ndugu aliyeumizwa. Ghala halikupungua tena, lakini hilo nalo halikumwambia kitu, maana kwa mbwa wa ukubwa ule mwizi yeyote angeacha.

Kelestini alikuja tena mavuno yalipokaribia. Safari hii alisimama nje ya geti, akabisha hodi, akasubiri. Balbina alimkaribisha ndani. Akasema hapana, hapa panatosha. Basi Balbina akatoa viti viwili na chai, wakakaa kando ya barabara wakiongea habari za mto na mashamba yaliyolaliwa na maji, wapita njia wakiwaamkia.

Hakumuuliza tena. Alimmiminia chai ya pili, na Kelestini akaipokea kwa mikono miwili.