Mchoraji wa Juu ya Milango

Hivi wewe, ukiingia nyumba ya watu, huwa unatazama juu ya mlango? Hutazami. Unatafuta pa kukaa. Basi Toussaint Maclou alikuwa amechora juu ya milango ya matajiri wa Paris kwa miaka ishirini na sita, na alisema mwenyewe kwamba watazamaji wake wa kudumu ni nzi, tena wasio na adabu.

Vitoto vinene vyenye mabawa, njiwa, mashada ya waridi: vyote alivichora jinsi avionavyo mtu aliyesimama chini. Kazi ilitaka hivyo. Lakini moyoni alitamani picha moja tu ya usawa wa macho, mtu aitazame akiwa amekaa na kikombe chake cha chokoleti.

Bibi de Vaucresson alipotengeneza sebule mpya, mchoraji wake akavunjika mkono. Toussaint akapewa nafasi ya kando ya meko ya kuotea moto, katikati ya vioo viwili.

Alichora miezi miwili. Msichana mchunga kondoo, gauni la hariri, utepe shingoni, na vifundo vya utepe alivihesabu. Picha aliitundika juu ukutani kwake, kama alivyozoea, akaichora akiwa juu ya ngazi. Kila jioni alishuka, akaitazama kutoka chini, akajipongeza.

Siku ya kuipachika, seremala Guilbaud alikaza msumari wa mwisho, akarudi nyuma.

"Mzee Toussaint, hizo ni pua au viota vya njiwa?"

Toussaint akatazama. Mungu wangu! Msichana alikuwa kidevu, matundu ya pua na nyayo mbili kama mikate. Kondoo alikuwa tumbo tupu.

"Miaka ishirini na sita," akajisemea, "hata ndoto zangu naziota kutoka chini."

Bibi de Vaucresson akaingia. "Bwana Maclou, huyu binti anaanguka?"

"Hapana, Bibi. Aliyeanguka ni mimi."

Bibi akakunja gauni lake pana, akaketi sakafuni, akainua uso. "Kumbe ni mzuri!"

"Tuwaambie wageni walale chali," akasema Guilbaud.

Bibi akacheka mpaka poda ikamdondoka shavuni. "Basi ing'oe, Guilbaud, uikate pembeni itoshe, uipandishe juu ya mlango wa chumba cha kulia. Hapa tutaweka kioo kingine. Utaridhika, Bwana Maclou, siyo?"

Jibu lake la miaka yote, "Kama upendavyo, Bibi," lilikuwa tayari ulimini. Guilbaud alikwisha kushika koleo. Toussaint akamwangalia yule binti wa pua, akaona wanafanana: wote wawili hakuna awatazamaye usoni.

"Siridhiki, Bibi. Nataka nafasi hii. Nipe tena, nichore nimekaa kitini kama mtu mzima. Nataka kazi yangu itazamwe na mtu mmoja, hata mmoja, bila kuumia shingo."