Waya Mbili Kabla ya Sabato

Mimi Ombati ni fundi wa sola, na usinisifu. Duka langu la Ogembo nimelifanya kanisa la paneli; kila mteja lazima ahubiriwe. Namweleza jinsi zile za zamani zilivyotaka jua kali, na jinsi za sasa zinavyonasa mwanga hata ukungu ukiwa umelalia majani chai. Miaka kumi ijayo, namwambia, mabati yenyewe yatazalisha umeme. Naamini hivyo hadi leo.

Mama yangu, Nyanchera, aliishi Nyamira akipumua kwa mashine ya oksijeni. Stima ikipotea, alikuwa na mtungi wa akiba wa kumtosha saa mbili tu. Ningeweza kumfungia paneli za kawaida mwezi wa tatu. Nikakataa. Mama wa fundi awekewe za kawaida? Nikangoja zile mpya miezi minne. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nami nilijua.

Zilifika Ijumaa. Nilipanda paa saa nane mchana, na kufikia magharibi zilibaki waya mbili tu za kuunganisha betri. Mama akajikokota hadi mlangoni.

"Tata," aliniita, kama akina mama wa kwetu wanavyowaita wana wao, "jua limetua. Sabato imeingia. Shuka."

"Dakika kumi tu, Mama."

"Mungu hapewi makombo. Utamalizia Jumapili."

Nikashuka. Mtu mzima wa miaka arobaini na miwili, nikashuka kama mtoto. Mchungaji aliniambia baadaye kwamba kuokoa uhai hakuvunji Sabato. Alikuwa amechelewa, na mimi pia.

Kesho yake stima ilipotea saa tatu asubuhi, nikiwa kanisani, simu nimeizima. Jirani yetu Marion, aliyebaki na Mama, alifungua ule mtungi akitumaini stima itarudi. Haikurudi. Nilifika nyumbani saa saba. Jua lilikuwa kali mpaka mabati yanalia. Juu ya paa paneli zilikuwa zikiota jua bure, na chini yake Mama alikuwa amekufa.

Jumapili nikaunganisha zile waya. Zilinichukua dakika saba.

Siku ya mazishi stima ilipotea tena, lakini vipaza sauti havikukatika hata mara moja, na waombolezaji wakachaji simu zao. Wanaume wawili wakanivuta kando, kaburi likiwa bado bichi, wakauliza paneli kama hizo wangoje hadi lini. Nikawaambia wasingoje, wafunge zozote zilizopo, tena leo.