Misuko Minane ya Verlene

Arzella Crump alikuwa na miaka sitini na minane, na karibu arobaini ya hiyo aliipitisha akitengeneza nywele za watu wasioweza tena kujitazama kwenye kioo. Katika mji wa Bolling, kule Mississippi, mwanamke mweusi akifa alipelekwa nyumba ya maziko ya Pettigrew, na huko aliyemngoja ni Arzella, na chanuo lake la chuma na kopo la mafuta. Alikuwa na desturi moja hakuivunja hata siku moja. Hakumgusa mtu kabla ya kumwita jina na kujitaja yeye mwenyewe. "Bi Lottie, ni mimi Arzella. Naanza nyuma ya sikio." Wenzake walimcheka. Yeye akawajibu kwamba maiti nao hushtuka, ila tu hawana pa kurukia.

Walio hai aliwatengeneza jikoni kwake. Verlene Stokes alikuwa wa Jumamosi saa tatu, miaka ishirini na sita bila kukosa. Mwanamke mrefu, mpiga kinanda cha kanisani, mwenye nywele nene za kuvunja meno ya chanuo. Alikuwa akisema, "Dada Arzella, siku nikilala usiniache kwa mtu mwingine. Nisije nikafika mbele za Bwana kama niliyepigana na jogoo."

"Nyamaza, nitakuunguza sikio."

"Niahidi kwanza."

"Nimekuahidi. Inamisha kichwa."

Basi Jumanne moja asubuhi simu ya ofisini kwa Pettigrew ikalia. Shemasi Lucius Pettigrew, mwenye nyumba, alikuwa amekaa karibu nayo kuliko mtu yeyote, lakini hakunyoosha mkono. Muuguzi alikwisha kupiga saa moja nyuma kumwambia ni nani amefariki, na ni nani atakayepiga kuomba maiti achukuliwe.

"Pokea wewe, Arzella," alisema. "Wewe una sauti ya upole. Mwambie kama ilivyoandikwa."

Iliandikwa ukutani, ndani ya fremu, kati ya kalenda na picha ya marehemu baba yake. Ilikuwa sheria ya jimbo, ile inayomruhusu mtu kukataa kuhudumu kwa sababu ya dini yake, na chini yake karatasi ya nyumba yenyewe, ambayo wafanyakazi wote walitia sahihi. Jina la Arzella lilikuwa la tatu. Siku ile alitia sahihi huku akiwaza viazi alivyoviacha motoni.

Alipokea. Upande wa pili alikuwa Noreen Batiste, mtu wa Louisiana, mke wa Verlene, akiomba Verlene achukuliwe. Walifunga ndoa kwa karatasi za mahakama, si kanisani, na mji mzima ulijua na mji mzima ulinyamaza, maana Verlene alipiga kinanda vizuri.

Arzella akasema kwa sauti yake ya upole, "Sheria inaturuhusu kufuata imani yetu. Nyumba hii haiwezi kumpokea."

Kisha Noreen akauliza, "Wewe ni nani?"

Arzella akakata simu.

Kesho yake Willadean, jirani yake, alikuja na sahani ya mkate wa mahindi na habari, na huyo hakuwahi kuja na kimoja bila cha pili.

"Wamempeleka Meridian," alisema huku akijitafutia kiti. "Mwendo wa saa moja na nusu, maskini. Kuna nyumba huko imempokea. Maziko Jumamosi, saa saba. Nilikwenda kumwona hospitali wiki iliyopita. Amekonda, mwanamke mwenzangu, amebaki kinanda bila mtu. Lakini kichwa kizuri! Yule Noreen wake alimsuka mwenyewe palepale kitandani. Misuko minane. Niliihesabu."

Mkono wa Arzella ukasimama juu ya mboga za majani alizokuwa akiziosha. "Amemsuka?"

"Amemsuka, ndiyo. Mgonjwa wa kulala utafanyaje? Zingejisokota." Willadean akatafuna, kisha akaacha kutafuna. "Si watamfumua?"

Arzella akafunga bomba la maji.

Pale Bolling mwanamke hazikwi na misuko. Bibi yake Arzella alimfundisha hivyo kabla hajamfundisha kushika chanuo. Ukimzika amesukwa, shetani hutuma ndege wake weusi, wakaingia chini mpaka kwenye jeneza, wakamfumua kwa midomo, unywele mmoja mmoja, na aliyelala hapati usingizi mpaka wamalize, na hawamalizi. Bibi alisema aliwahi kusimama juu ya kaburi la dada yake mwenyewe akawasikia. Watu wa Meridian wa siku hizi wangelijua wapi jambo hilo? Wangeona misuko imenyooka, wangeacha. Na Noreen alitoka kwa watu wa rozari. Kosa lake la kumsuka lilikuwa la mapenzi, na hakujua kama ni kosa.

"Wewe si ulimwahidi?" Willadean aliuliza polepole.

"Kula mkate wako, Willadean."

Tangu saa ile Arzella akaanza kuwasikia ndege. Kwanza alidhani ni bomba. Ko, ko, ko, kishindo kidogo kama cha kuku anayedonoa punje juu ya bati, lakini mbali, na chini. Akizungumza, kinaacha. Akinyamaza, kinarudi. Adhuhuri, jua kali, watu wa kanisa wamekaa kwenye somo la Biblia, mchungaji anasoma, naye anakisikia chini ya benchi lake. Alimtazama aliyekaa pembeni. Yule alikuwa akijipepea tu.

Kichwa chake mwenyewe kikaanza kuuma kwenye mizizi, kama mtu anayevutwa nywele. Asubuhi ya Alhamisi alipita jikoni akaona mto wa kile kiti cha wateja umebonyea katikati. Akauweka sawa. Alipotoka bafuni umebonyea tena. Hakuwa na paka. Akasimama mlangoni na taulo mkononi, na alitaka kusema, "Verlene, ni mimi Arzella," kama alivyowaambia wote, lakini hakuthubutu. Kilichomjia ni lile swali la simuni. Wewe ni nani?

Alikwenda kwa Shemasi Pettigrew bila kuvua aproni ya nyumbani.

"Naomba ruhusa ya kesho," alisema. "Nataka kwenda Meridian kumfumua Verlene."

Shemasi alivua miwani. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Yeye ndiye aliyemzika mama yake Verlene, kwa heshima zote, na alilia pale kaburini.

"Dada Arzella, simchukii yule binti. Nimemjua tangu ana magoti yenye vumbi. Lakini nina dhamiri, na sheria imeilinda dhamiri yangu."

"Na yangu mimi?"

"Yako uliitia sahihi."

"Nilitia sahihi karatasi, Shemasi. Hukuniambia ni Verlene."

"Ungetaka niandike majina?" Akavaa miwani. "Familia zinazoleta watu wao hapa zinaniamini. Mkono utakaomgusa yule hautagusa maiti wa kwangu. Sikufukuzi. Chagua mwenyewe."

Alitoka. Nje, juu ya waya wa umeme, walikuwa wamejipanga ndege weusi kumi na kitu, kama siku zote wakati wa mavuno, na hawakuwa wakifanya lolote. Hilo ndilo lililomtia hofu.

Ijumaa asubuhi alitia chanuo na kopo la mafuta kwenye mkoba akaendesha gari mwenyewe mpaka Meridian. Njia nzima alizungumza kwa sauti, akitaja majina ya mito na vituo vya mafuta, ili asinyamaze.

Noreen alikuwa amekaa chumba cha kuagia, kando ya jeneza lililofunguliwa, kiatu kimoja kimevuliwa. Mwanamke mdogo, mweupe wa rangi ya karanga, macho yamevimba. Hakuinuka.

"Mimi ni mtengeneza nywele wake," Arzella alisema. "Wa Jumamosi. Nimekuja—"

Noreen akainua uso. Alimsikiliza kama mtu anayesikiliza mlango unaolia ndani ya nyumba.

"Sema tena."

"Nimekuja kumtengeneza nywele."

"Ni wewe," Noreen alisema. "Wewe wa simu. Nilikuwa nimekaa sakafuni hospitali, nimemshika mguu, ukaniambia haiwezekani. Kwa sauti hiyohiyo. Nikasema moyoni, mtu mwenye sauti kama hii ana watoto, ana wajukuu."

Arzella hakukana. "Ni mimi."

"Halafu umekuja kufanya nini? Umesahau neno?"

Basi akamweleza. Alimweleza habari ya misuko, na ndege, na bibi yake, na ile ahadi, na alipokuwa akieleza aliona jinsi jambo hilo linavyosikika mchana kweupe kwenye chumba chenye zulia, na hakuacha. Noreen alicheka kwa pua, bila furaha.

"Mmemkataa nyote, watu wazima, kwa umoja wenu, kisha mnamwonea huruma kwa ajili ya ndege?"

"Si kwa ajili ya ndege tu."

"Hiyo misuko niliisuka mimi. Ndicho kitu cha mwisho alichokihisi. Alisema, 'Usikaze, Nono,' nikalegeza. Na leo mtu wa Pettigrew aifumue? Hapana, mama. Hapana."

Arzella alikaa kwenye kiti karibu na mlango. Wakanyamaza wote wawili. Na humo katika ukimya kikaanza tena, ko, ko, ko, na mara hii hakikutoka chini ya sakafu. Kilitoka ndani ya jeneza.

Noreen akageuza kichwa.

Labda alisikia, labda aliona tu uso wa mwenzake. Aliweka mkono juu ya paji la Verlene kama mtu anayepima homa.

"Yeye alikuwa akiyaamini hayo?" aliuliza mwishowe.

"Alizaliwa nayo. Mama yake tulimfumua pamoja, mimi na yeye. Alishika upande wa kushoto."

Noreen akafuta pua kwa kiganja. "Wewe hugusi. Utasema, nami nitafanya. Lakini kwanza njoo hapa. Yale uliyoniambia simuni, mwambie yeye. Na jitaje. Mimi nilikuuliza ukanikatia."

Arzella aliinuka. Alikwishazungumza na maiti zaidi ya elfu moja na hakuna aliyewahi kumtia aibu. Alisimama juu ya Verlene, akaona uso umepakwa poda nyepesi kuliko rangi yake, na misuko minane imelala mabegani, laini, imesukwa na mtu asiyejua kusuka lakini aliyefanya taratibu.

"Verlene," alisema. "Ni mimi, Arzella. Sheria inaturuhusu kufuata imani yetu. Nyumba yetu haiwezi... haiwezi kukupokea."

Hakusema samahani. Alitaka kusema, akaona neno lenyewe ni dogo mno, lingekuwa kama kumtemea mate.

"Rudi mlangoni," Noreen alisema.

Akarudi. Akaweka chanuo na kopo la mafuta juu ya kiti, Noreen akavichukua mwenyewe. Arzella akaanza kumwelekeza kutoka pale.

"Anza nyuma ya sikio. Mwite kwanza. Shika ncha, usivute. Fungua kwa kidole, si kwa chanuo. Chanuo baadaye."

"Hivi?"

"Hivyo. Mafuta kidogo, nusu ya kucha. Alikuwa na kidonda cha zamani hapo juu ya shingo, pita mbali."

"Nakijua kidonda chake."

"Ndiyo. Unakijua."

Msuko wa kwanza ulifunguka, na wa pili, na wa tatu. Kila mmoja ulipofunguka kile kishindo kilipungua, mpaka kufika wa sita Arzella alisikia saa ya ukutani, ambayo hakujua kama ipo. Nywele za Verlene zikainuka pande zote kama zilivyokuwa zikiinuka Jumamosi baada ya kuoshwa. Mikono ya Arzella ilikuwa ikisogea yenyewe mapajani, ikifumua hewa. Noreen aliiona.

Alifungua wa saba. Wa nane, ule mdogo nyuma ya sikio la kulia, aliushika, akauzungusha kwenye kidole, akauacha.

"Umebaki mmoja," Arzella alisema.

"Najua kuhesabu."

"Noreen, mwanangu, hata mmoja—"

"Huu ni wangu. Niliuanza mwisho, alikuwa amekwisha kushikwa na usingizi." Akaulaza kwenye mto, akaufunika na nywele zilizofunguliwa. "Nyinyi mna imani yenu ya kunikatalia. Mimi nina hii. Wakija hao ndege watamkuta na kitu changu kichwani. Nenda nyumbani, mama. Na kesho usije."

Arzella aliingia garini. Safari hii hakusema kitu, akasikiliza. Kilikuwepo bado. Kimepungua mno, kama kidole kimoja kinachogonga meza, lakini kilikuwepo, na alijua kuwa hicho kimoja atakaa nacho.

Alifika kwa Pettigrew saa tisa. Shemasi alikuwa mlango wa nyuma, amekunja mikono ya shati.

"Bi Eulalie Gaines ameletwa adhuhuri," alisema. "Familia yake inakutaka wewe, hawataki mwingine. Nakuuliza mara moja tu. Ulimgusa?"

Arzella aliona jinsi mlango ulivyo wazi. Neno lilikuwa moja, tena la kweli. Angelisema, angefunga aproni, na Jumapili angekaa kwenye benchi lake.

"Sikumgusa," alisema. "Mkewe hakuniruhusu."

Shemasi akashusha pumzi. "Basi asifiwe Bwana. Hukuvunja kitu."

"Lakini nilikwenda ili nimguse, Shemasi. Angeniruhusu ningemgusa kichwa kizima. Na akifa mwingine kama yeye, sitapokea simu ya kumkataa."

Shemasi alimtazama. Hakuonekana amekasirika, alionekana amezeeka. Kisha akanyoosha mkono, kiganja juu, na Arzella akatafuta ndani ya mkoba, chini ya leso, akampa ufunguo wa mlango ule.

Ndani, chumba cha pili, Bi Eulalie Gaines alikuwa amelala na kichwa kimefungwa kitambaa, na hapakuwa na mtu wa kumwambia nani anaingia.