Kiungio cha Chini ya Sinki

Mume wangu ni fundi bomba, na mtaa mzima unamwita Kata Yote. Ukimwonyesha tone moja kwenye kiungio, anatikisa kichwa kama aliyefiwa: "Hili limeoza. Kata yote, weka jipya." Mabomba mazima aliyoyazika, Mungu ndiye anajua.

Basi saratani ikamkalia mwisho wa utumbo, karibu kabisa na njia ya haja kubwa. Akapigwa mionzi, akatundikiwa dawa, akakonda hadi suruali ikawa kama ya kuazima. Kisha daktari akapima kwa kidole, akapitisha kamera, akatazama picha, akatabasamu. "Uvimbe hauonekani tena. Tukikata, utatumia mfuko wa choo tumboni maisha yako yote. Tunaweza kuacha, ila uje tukuangalie mara kwa mara. Uvimbe ukirudi, tutauona mapema. Kisu hakikimbii."

Mwingine angeshukuru. Wangu akanuna. "Daktari mwoga huyo! Kitu kimeshaoza unakiangalia cha nini? Jumatatu namwambia akate yote."

Nilipandwa na hasira, jamani! Nikamshika mkono, nikamwinamisha chini ya sinki la jikoni. Pale pana kiungio kilichowahi kuvuja zamani, kitinda mimba wetu akiwa bado anatambaa. Alikikaza, akakizungushia utepe, na kila asubuhi kabla ya chai anakigusa kwa kidole kuona kama ni kikavu.

"Hiki mbona hukukikata?" nikamuuliza. "Vya watu unakata, chako unaangalia?"

"Hiki nakijua," akasema kinyonge.

"Na daktari anaijua kazi yake kama wewe yako."

Jumatatu akaenda, akasema aachwe. Nami nikatembea kifua mbele, mshindi. Ushindi gani! Usingizi ukanihama mimi. Uvimbe ukirudi, nani alisema uachwe? Ni mimi na mdomo wangu huu.

Siku ya kuangaliwa akaondoka bila chai na bila kugusa kiungio, kwa wasiwasi. Naosha kikombe, nasikia matone ya maji mguuni. Kiungio kile kile! Nikataka kulia. Akirudi akakiona, atasema, "Umeona? Kilichooza ni cha kukatwa," na atarudi hospitali mbio kuomba kisu.

Nikamwita Kipara, fundi ambaye mume wangu husema hawezi hata kufunga kifuniko cha birika. Kipara alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Shemeji, mke wa Kata Yote ananiita mimi?" Nikamwambia afunge mdomo, afungue begi. Akakata kipande, akaunga kipya, nikakausha sakafu.

Mchana mume wangu akaingia. "Safi," akasema. "Hakuna kitu. Nirudi baada ya miezi mitatu." Nikamkumbatia, nikalia kama mtoto. Naye, machozi yangu hayajakauka, huyo, moja kwa moja chini ya sinki. Akakigusa kwa kidole.

"Nani kagusa hapa?"

Nilitaka kudanganya, nikashindwa. "Kilivuja asubuhi. Nikamwita Kipara. Nisamehe, baba watoto, niliogopa utaenda kukatwa."

"Kipara!" Akaguna kama aliyemeza nzi. Kisha akauliza, "Kilivuja sana?"

"Matone tu."

"Ukaona saa ngapi?"

"Yalipoanza. Si kila siku tunakiangalia?"

Akakaa palepale sakafuni. "Miaka yote hii tumekitumia," akasema polepole. "Na siku yake ilipofika, kikakatwa, na nyumba haikufurika." Akanishika mkono. "Mimi naogopa, mama watoto. Kila nikienda chooni naogopa."

"Na mimi naogopa," nikasema. Sikuwa nimemwambia mtu.

Akatoa kadi ya kliniki mfukoni, akaibandika ukutani juu ya sinki. "Safari ijayo twende wote."

Halafu akainama tena, akakitazama kiungio kipya kwa jicho baya.

"Lete spana," akasema. "Hiki cha Kipara, hiki nakata chote."