Kavira Chini ya Daraja

Daraja lilikuwa limekwisha kujengwa, lakini hakuna gari lililoruhusiwa kulivuka. Fuso ya Bilali ilikuwa ya kwanza kwenye foleni tangu juzi, imejaa viazi vya Anne-Marie, mchuuzi wa Musienene, na mifuko ya chini ilikuwa imeanza kutoa maji. Harufu yake ilimfikia Bilali hadi kwenye usukani.

"Commission ya kukagua na kupokea daraja iko mujini Beni," alisema Apollinaire, mkuu wa barieri, kizuizi cha barabarani, bila kuinuka kwenye kiti chake cha plastiki. "Itakuja siku mutaitumia mafuta ya gari."

"Lakini injinia iko hapa, chef. Yeye njo alijenga. Asaini yeye."

"Mwanamuke hapana kupokea daraja. Tena muzungu wa inchi sijui gani."

Nchi yenyewe ilikuwa Lithuania. Bilali naye hakuijua, na siku zote mbili za foleni alikuwa akimtazama huyo mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwenye buti za mpira, aliyeletwa na mradi wa parokia, akiwafokea waashi kwa Kiswahili alichokiokota humo humo kazini. Anne-Marie alikwisha kumuuliza ni msichana wa ngapi kwao. Wa pili, akajibu. Basi akawa Kavira, kama msichana yeyote wa pili wa Kinande, na jina lake la kuzaliwa, Aldona, likabaki kwenye pasipoti.

Bilali alimfuata alipokuwa akikaza boliti.

"Mama Kavira, kule kwenu banamuke banajenga madaraja?"

"Wakati yangu, hapana. Mimi wa kwanza ku bureau yetu. Miaka mingi bananiambia chora ngazi za nyumba."

"Na daraja ya kwanza?"

"Bakubwa banasema: simama chini, malori ipite juu. Ukiogopa, hesabu yako ni mubaya."

"Banaume nabo balikuwa banasimama?"

"Hata mumoja."

Bilali alicheka. Aliinama kuchungulia nguzo.

"Na leo, unaweza kusimama?"

Aldona alifuta mikono kwenye suruali. "Gari yako imejaa?"

"Mpaka juu. Na ule mama."

"Mi hapana shuka," Anne-Marie alisema kutoka juu ya mifuko. "Viazi yangu ikianguka, nitarudi kwetu na nini? Na uso tu?"

Aldona aliteremka ukingoni, akasimama juu ya jiwe, mbao za daraja zikiwa karibu kumgusa kichwa. Chini yake mto ulikuwa umejaa, mwekundu. Bilali alirudi kwenye usukani, akasema bismillahi, akaingiza gia ya kwanza kabla Apollinaire hajainuka kitini. Mbao zililia. Katika maisha yake yote ya udereva hakuwahi kujali kilicho chini ya magurudumu. Sasa aliwaza kile kichwa cha mvi tu. Gari lilipogusa udongo wa ng'ambo, aliruka nje na kukimbilia chini.

"Uliona nini?"

"Matope ya gari yako. Imeniangukia yote."

"Uliogopa?"

"Sana. Hesabu yangu ninajua. Dereva njo simujui."

Apollinaire alikuja polepole, akatembea juu ya daraja hadi katikati, akasimama hapo.

"Daraja hii haijapokelewa," alisema. "Leta permis."

Bilali aliacha leseni yake, na haijarudi. Anne-Marie alishushiwa mifuko minne kama faini, na mingine miwili aliimwaga mwenyewe sokoni kwa sababu ilikuwa imekwisha kuoza. Aldona alipewa barua ya kusimamishwa kazi. Wiki iliyofuata alipanda ndege kwenye uwanja wa Rughenda, akarudi kwao, na daraja la pili alilokuwa ameanza huko bondeni limebaki nguzo mbili tupu. Commission bado iko Beni. Magari yanavuka kila siku, na kila moja linaacha mfuko mmoja kwenye barieri.