Barabara za Ubao Mama

Usiku wa jana usingizi uliniingiza ndani ya kompyuta ya ofisini kwetu, nikimtafuta kaka yangu Ambakisye. Sikuona ajabu. Hatujasemeshana tangu tumzike mama, na hata kabla ya hapo tuligombana miaka mingi, salamu zetu zikipitia kwake.

Ndani kuna mji wa kijani wenye barabara nyembamba za shaba. Nyumba zimesongamana, lakini hakuna anayemsemesha jirani yake.

Nabisha hodi kwa Kichakata, ubongo wa kompyuta. Ni bwana mkubwa mwenye joto, feni inamzungukia kichwani. Namuuliza kaka yuko wapi. Anasema kazi yake ni kukokotoa, yeye watu hawajui. Kama kaka ni hesabu, nimlete.

Nyumba ya pili, Bi Kumbukumbu ananikumbuka vizuri sana, hadi kitenge nilichovaa msibani. Umeme unakatika kidogo, unarudi. Ananiuliza mimi ni nani.

Nafungua mlango wake nitoke, najikuta jikoni kwa mama, Tukuyu, ila sakafu ni ya kijani. Nachoka, nakaa chini.

Sakafu inaniuliza nimebeba nini. Sauti si ya mama. Ni Ubao Mama, ule ambao wote wamesimama juu yake.

Namuuliza kama anayaelewa yanayopita kwake. Anasema hapana. Yeye hafikiri wala hahifadhi kitu. Anajua tu nani anakwenda kwa nani, na nani asubiri mwenzake apite, wasigongane.

"Na wewe ukiondoka?"

"Kila mmoja anabaki mzima," anasema. "Ila hamsikii mwenzake."

Mahali fulani fuwele, saa ya mji huu, inadunda kama moyo, na kwa kila pigo mzigo mmoja unapita. Zamu yangu inafika.

"Unampelekea nini?"

Naona haya. "Si neno la maana. Nilitaka kumwambia paa la mama linavuja."

"Linatosha. Taja anayekwenda kulipokea."

Nikataja jina la kaka yangu, kwa sauti, mara ya kwanza tangu msiba. Barabara moja ikawaka.

Nilipoamka jua lilikuwa limeshatoka. Kwenye simu nilikuta ujumbe wa Ambakisye.

"Nimeupata ujumbe wako, mdogo wangu. Nakuja Jumamosi na mabati."

Nikafungua jumbe nilizomtumia, nikatazama hadi mwanzo. Hakukuwa na hata mmoja.