Aliyesimama Haketi

Mama alikuwa anapiga pasi gauni la kijani la bintiye huku akiimba, na hilo ndilo lililomuumiza Profesa zaidi. Angalau angelalamikia umeme, au yule mteja aliyerudisha sketi mara ya pili. Lakini wapi, mama aliimba tu.

"Leo ukawaambie vizuri hao watoto," alisema, akichomoa uzi uliong'ang'ania kwenye kola. "Chuo si mchezo, lakini kinawezekana."

"Sawa, mama."

"Mbona unajibu kama mgonjwa?"

"Nimechoka tu."

"Kusoma kunachosha, mwanangu. Bora uchovu wako kuliko huu wangu wa cherehani."

Jina la Profesa alibandikwa na mtaa mzima siku alipopata nafasi chuo kikuu, wa kwanza katika uchochoro wao. Hakuna aliyejua kwamba alikuwa amefeli hisabati, kwamba mtihani wa marudio ulikuwa Jumatatu, na kwamba asipoufanya angeondolewa chuoni. Yeye mwenyewe alishakata shauri. Haendi. Angetafuta kibarua, na ukweli ungevuja wenyewe polepole.

Njiani kinyozi alimwona, akapaza sauti kutoka mlangoni. "Profesa! Umekuja kututembelea sisi mbumbumbu?"

"Nimekuja kuazima akili kwako."

"Umechelewa, nimeshaziuza zote!"

Profesa alicheka, akaongeza mwendo.

Kituo cha masomo, alikoalikwa kuzungumza na watoto, kilikuwa juu ya gereji ya matairi. Kiliendeshwa na jumuiya ndogo ya kujitolea, na kila Jumamosi vijana wa mtaa walifundishwa bure na Kaka Chaki, kijana mwembamba ambaye mifuko ya suruali yake haikuwahi kukosa weupe wa chaki. Pale palikuwa na sheria moja. Asiyeelewa anasimama. Somo linasita, anayejua anaeleza, na maelezo yasipoingia, mwingine anajaribu. Aliyesimama haketi mpaka aelewe, na ni mwiko kumcheka. Profesa alipoanza kuja pale, aliogopa hesabu za sehemu kama mtu anavyoogopa mbwa mkali. Alisimama Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka zikamzoea.

Kwa hiyo siku za mwanzo chuoni, mhadhiri alipoandika mlinganyo ambao Profesa hakuuelewa, alisimama. Hakuona ajabu yoyote. Aliona ajabu mhadhiri alipogeuka na kumwambia, "Dada, choo kiko kushoto."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Profesa alichukua mkoba wake, akatoka, akageuka kushoto kweli, akajifungia humo mpaka kipindi kikaisha. Tangu hapo hakusimama tena. Kaka Chaki alipopiga simu kumjulia hali, alijibu, "Nzuri tu, kaka," na kaka akafurahi.

Sasa Kaka Chaki alimweka kwenye kiti mbele ya darasa, mwenyewe akakaa juu ya dawati la pembeni, miguu ikining'inia. "Huyu ndiye ninayewaambia kila siku," alisema. "Mtazameni vizuri."

Profesa akaanza kusimulia. Akasifu maktaba. Akasifu bustani, ingawa hakuwahi kukaa humo. Ndipo msichana mmoja wa mstari wa mbele, aliyekuwa akitafuna kifuniko cha kalamu, akauliza:

"Dada, kule ukisimama, nani anakueleza?"

Kabla hajajua anafanya nini, Profesa akainuka kitini.

Darasa zima liliijua ishara hiyo. Kalamu ziliwekwa chini, na wote wakasubiri kama walivyozoea kusubiriana.

"Hujaelewa nini, dada?" aliuliza yule msichana.

Akawaambia yote: kufeli, marudio ya Jumatatu, ule mlinganyo, kicheko, choo. Alizungumza akitazama sakafu. Chini yao nyundo ya gereji iligonga, ikatulia, ikagonga tena.

Kaka Chaki alishuka dawatini. "Uandike huo mlinganyo."

Aliuandika. Kaka Chaki akautazama kwa muda mrefu, akaandika mstari mmoja chini yake, akaufuta kwa kiganja.

"Hata mimi sielewi," alisema.

"Basi na wewe usiketi, kaka," alisema yule msichana. Hakuwa anatania, na hakuna aliyecheka.

"Nilikuuliza habari, ukasema nzuri," Kaka Chaki alimwambia Profesa kwa sauti ya chini. "Nikaridhika. Tulihangaika wee mpaka ukaingia, kisha nikakuacha mlangoni." Alijipangusa uso, chaki ikabaki shavuni. "Jumatatu nitakusindikiza."

"Nitafeli tena, kaka."

"Huenda."

Hakumdanganya, na kwa hilo Profesa aliweza kuvuta pumzi.

Watoto walipoondoka, wawili hao walibaki ubaoni na kitabu kilichochanika jalada, wakihangaika na ukurasa uleule. Maana ilikaribia, ikaponyoka. Simu ya Profesa ikaita.

"Umewaambia vizuri?" aliuliza mama. Nyuma yake cherehani ilikuwa kimya.

"Sijamaliza, mama. Nikirudi nitakuambia na wewe. Ukae kitako."

"Kuna nini?"

"Nikirudi, mama."

Akaiweka simu juu ya kiti kitupu. Miguu ilimuuma. Akaichukua chaki mkononi mwa Kaka Chaki, akaanza tena mstari wa kwanza, akiwa bado amesimama.